Mwangwi Wangu na Boksi la Trevor

Jumatatu, 13 Novemba 1961

Mvua. Mji wote wa Bacup unanuka makaa na gundi ya viwanda vya ndara. Sijali! Leo nimekamilisha kazi ya miezi minne.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye zile santuri za magitaa matupu, zisizo na mwimbaji, kila noti husikika mara nne. Ya kwanza kubwa, ya pili ndogo, ya tatu ndogo zaidi, ya nne kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Kila mtu anazipenda. Hakuna anayejua zinapigwaje. Mimi nimegundua! Wale jamaa wa London wana kidole chepesi, basi. Wanaipiga noti moja mara nne, upesi upesi, huku wakipunguza nguvu. Nimejizoeza kitandani, nimejizoeza chooni uani, nimejizoeza hata kiwandani juu ya soli za ndara, mpaka msimamizi akaniuliza kama nina homa. Ngozi ya kidole imebanduka mara mbili. Sasa naweza. Tung, tung, tung, tung.

Nimempigia Mama. Kasema ni vizuri, ila kwa nini gitaa lina kigugumizi? Mama hajui muziki.

Jumanne, 14 Novemba

Aibu! Sitaki kuandika. Naandika.

Mazoezi ya bendi, chumba cha nyuma cha kanisa. Harold Nuttall, mkubwa wetu, anayepiga besi na kuendesha gari la mikate, alikuja na habari. Jumamosi kuna mashindano ya bendi kwenye bwawa la kuogelea la mji, maana wakati wa baridi hulifunika kwa mbao watu wakacheza dansi juu yake. Atakuwapo Bwana Loveday, mtu wa kampuni ya santuri ya London. Anatafuta mpiga gitaa wa kurekodi naye. Mmoja tu!

Nikaona wakati wangu umefika. Nikawapigia zile nne. Trevor Ashworth alikuwa ameegemea mlango. Huyu si wa bendi yetu. Alisema kaja kurudisha waya, lakini kila mtu anajua anainyatia nafasi yangu. Akauliza ninafanya nini na kile kidole. Nikamweleza kwa moyo mweupe. Walitazamana. Halafu kicheko! Harold alicheka mpaka akakaa juu ya ngoma, ngoma ikapasuka, akaendelea kucheka.

Trevor akanishika bega. "Neville, ndugu yangu, ile ni mashine!" Kumbe lipo boksi kutoka Italia, ndani mna utepe unaozunguka. Wewe unapiga mara moja, boksi lenyewe linarudia. Trevor analo. Jamaa wa London wote wanalo. Miezi minne! Kidole changu masikini!

Nikamuuliza boksi linajuaje nitakachopiga. Akasema halijui, linakumbuka. Lakini hata shangazi yangu Edith anakumbuka, na anarudia pia, lakini hakuna anayelipa kiingilio kumsikiliza. Sijaelewa mpaka sasa.

Harold alipofuta machozi akawa mkali. Nipate boksi kabla ya Jumamosi, la sivyo Trevor atasimama mahali pangu. Na nikome kugugumiza nyuzi.

Jumatano, 15 Novemba

Nimeapa kupiga kila noti mara moja tu, kama Mkristo wa kawaida. Mkono umekataa! Naupa amri ya moja, unatoa nne. Nimeufunga kwa uzi wa sufu wa Mama. Nne, na uzi umekatika. Kwenye chai nimekoroga kikombe, koro, koro, koro, koro, kila mmoja taratibu kuliko uliotangulia. Mama naye ameuliza habari ya homa.

Dada yangu Doreen anafanya kazi duka la redio, na anazitengeneza mwenyewe kwa bisibisi kushinda mwenye duka. Alinisikiliza jikoni. Akasema niache kuutesa mkono. Boksi la Italia kila mjinga anaweza kuchomeka, lakini yeye tangu azaliwe hajaona mtu wa kuutoa mwangwi kwa kidole. Ati ni maajabu. Nikamwambia asante kwa huruma, ila haya ni mambo ya kitaalamu. Akanitupia kitambaa cha vyombo.

Alhamisi, 16 Novemba

Dunia ina watu wema!

Nilikuwa duka la chipsi, nimeinamia chipsi zangu za siki, sina hamu. Trevor akanivuta kando. Akasema hajalala vizuri tangu anicheke. Akasema analo boksi jingine, la zamani, lake la kwanza kabisa, na linamuuma moyo kulitenga na familia yake, lakini mimi ni kama mdogo wake. Angeridhika na baiskeli yangu tu.

Nilimpa papo hapo, na pampu juu.

Amenipa masharti. Ikiwaka taa nyekundu, lipo tayari. Nisilifungue kamwe! Likifunguliwa tu, mwangwi wote unatoroka na haurudi. Ndiyo maana kalikaza kwa skrubu kumi na sita. Alinitazama machoni akisema hayo. Kidevu kilimtetemeka. Kuachana na kitu chako si mchezo.

Nimetembea maili mbili kwenye mvua nikilipakata. Zito! Trevor kasema uzito ndio mwangwi wenyewe.

Nimefika, nimechomeka gitaa kwenye boksi na boksi kwenye amplifaya. Taa nyekundu. Nikapiga noti moja. Moja tu, naapa! Tung, tung, tung, tung.

Nimelia. Kumbe raha ya mashine ni hii, mtu hafanyi chochote. Kidole kinaniuma bado, lakini hayo ni mazoea.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimekwenda kazini kwa miguu. Soksi zimelowa. Mtu aliyevaa soksi mbichi akishona ndara za watu wengine anapata mawazo mengi machungu, ila mimi nilikuwa na furaha.

Jioni Doreen akaomba ajaribu boksi. Akapiga noti. Tung. Basi! Akapiga tena. Tung. Nikalichukua gitaa, nikapiga. Tung, tung, tung, tung. Yeye moja, mimi nne. Yeye moja, mimi nne. Nikamfafanulia kwamba boksi humjua mwenyewe, hata ile baiskeli ilimwangusha yeye tu.

Doreen hakuwa analitazama boksi. Alikuwa anatazama mkono wangu. Akasema nirudie polepole. Nikarudia. Akaenda kuchomoa boksi kabisa, akachomeka gitaa moja kwa moja, akasema haya, piga sasa. Nikapiga. Zikatoka nne! Doreen akaruka, "Umeona? Umeona, wewe?"

Nimeona, ndiyo. Ni mwangwi uliobaki ndani ya waya, kama maji yanayobaki kwenye mpira ukishafunga bomba. Nilimweleza kwa upole. Akafuata bisibisi. Ikabidi nilale juu ya boksi kifudifudi kama dakika ishirini, chai ikapoa. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akapanda kulala bila kuniaga. Wivu unaumiza hata ndugu wa damu.

Jumamosi, 18 Novemba

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Chini ya mbao bado kuna harufu ya dawa ya bwawa. Trevor alikuwa safu ya mbele, suti mpya, gitaa mapajani, boksi lake la Italia miguuni, tayari kunirithi. Alikuja na baiskeli yangu. Alikuwa anacheka hata kabla sijatokea. Nikampungia mkono. Nilidhani ananifurahia.

Harold alinong'ona kwamba nikiharibu atanizika kwenye unga. Nikawasha taa nyekundu. Tukaanza.

Sijui niseme nini. Niliinama tu, nikaliachia boksi lifanye kazi yake. Watu waliokuwa wakinunua pai waliacha kutafuna. Msichana mmoja alisimama na uma hewani. Bwana Loveday, mzee mrefu mwenye koti la manyoya kolani, akainuka kitini, akaja mpaka chini ya jukwaa, akafumba macho. Trevor akaacha kucheka. Uso ulimgeuka ukawa rangi ya matumbo ya ng'ombe.

Tulipomaliza Harold alinibusu. Harold!

Bwana Loveday akaniuliza mwangwi ule naufanyaje. Akasema London imejaa maboksi ya Italia na yote yanatoa sauti ya matope, lakini wangu kila noti inaanguka mahali pake, safi, kana kwamba mtu ameiweka kwa mkono. Nikamwambia ukweli, maana mimi si mtu wa kujisifu. Nikasema ni boksi. Akauliza na mimi je? Nikasema mimi si kitu. Akauliza naweza kumpigia kidogo bila boksi? Nikacheka! Nikaapa mbele ya Harold kwamba bila boksi mimi ni mshona ndara tu, asipoteze muda wake.

Akafikiri. Akasema basi kwa kweli anachohitaji ni boksi. Akaliomba aende nalo London, akawape wapigaji wake. Nikampa. Boksi langu litarekodiwa!

Doreen alikuwa nyuma ya ukumbi akigonga kichwa ukutani. Kumbe alikuwa anafuata mapigo.

Mlangoni Trevor akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo kabisa nimelifanya nini lile boksi. Nikasema nimelichomeka. Akauliza tena. Nikasema nimelichomeka. Akaondoka akiikokota baiskeli, hakumbuki hata kuipanda.

Alhamisi, 23 Novemba

Barua kutoka London! Na tiketi ya treni ndani, ya Jumatatu!

Doreen ameisoma mara mbili kwa sauti. Bwana Loveday anasema wapigaji wake watano wamelijaribu boksi, halitoi hata mwangwi mmoja. Wakalifungua. Ndani wamekuta balbu, waya mmoja unaopita tu, na nusu tofali. Anasema amekaa siku mbili akijiuliza aliyekuwa anautoa mwangwi ule ni nani, na jibu ni moja tu. Anaomba nije upesi. Nije na gitaa. Boksi nisilete. Wanarekodi Jumatatu saa tisa.

Doreen alinikumbatia akilia. "Kidole chako, mjinga wee! Kidole chako!" Mama akaanza kukanda unga wa pai ya safari. Doreen akanipigia pasi shati jeupe, kola mara mbili, huku anaimba. Sijamsikia akiimba tangu tulipokuwa watoto. Nikawaacha wafurahi.

Lakini mimi nina akili. Nusu tofali! Mambo yako wazi. Walilifungua, mwangwi ukatoroka, kama Trevor alivyoonya. Halafu jizi fulani la London likaiba mtambo, likatia tofali ili uzito usipungue. Sasa wanataka niende mikono mitupu nikaaibike mbele ya wapigaji watano! Nikipiga pale zikatoka noti mojamoja, nitaweka wapi uso? Lazima nipate boksi jingine kabla ya Jumatatu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimepata!

Nilikwenda kwa Trevor kabla ya kazi. Nikamwonyesha barua. Aliisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye tofali alikohoa sana. Alipofika kwenye tiketi akarudia kusoma. Kisha akasema kwa bahati lipo boksi jingine, kubwa zaidi, lina taa mbili. Ila hili ni la kubadilishana na gitaa.

Nilisita, sitaficha. Gitaa nimelipata kwa Baba kabla hajafa. Lakini gitaa kila duka lipo. Mwangwi je? Nikampa. Trevor ni mwenye huruma, akaona mbele kuliko mimi. Akasema sasa kwa kuwa sina gitaa, tiketi nayo ya nini? Kweli kabisa. Nikampa na tiketi. Atakwenda yeye Jumatatu, amfikishie Bwana Loveday salamu zangu, na mimi nitabaki nilizoee boksi taratibu. London haihami.

Nimerudi, nimemweleza Doreen. Alilitazama lile shati kwenye kiango, akalikunja, akaliweka kabatini, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, mvuani. Sijui ana nini. Mama kaiweka pai mezani na hakuna anayeikata.

Nimelichomeka boksi. Taa mbili nyekundu, nzuri kupita kiasi. Lakini kimya, maana gitaa sina. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi, sitasema uongo. Nikaogopa kwamba nimedanganywa. Hivyo nikalijaribu kwa njia pekee iliyobaki, nikaligonga juu kwa kidole. Mara moja tu.

Ko, ko, ko, ko.

Linafanya kazi!