Chumvi ya Mama Suzanne

Jumatatu, 2 Juni 2025
Miaka kumi na moja sasa sijasema uongo. Nilianza mwaka wa mwisho wa sekondari, katika somo la falsafa. Gharama hadi leo: marafiki wanne, na kazi ya kuuza viatu dukani kwa Yassine, mtaani Kikula. Mteja aliuliza soli itadumu muda gani. Nikamjibu.
Jumapili najitambulisha kwa akina Fortunée, mchumba wangu. Huyu sitaki kumpoteza. Tatizo: mama yake, Mama Suzanne, humwuliza kila mgeni kama chakula ni kizuri. Na anatia chumvi kwa mikono miwili.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata njia! Asiye na sauti hajibu. Lakini kujifanya mgonjwa ni uongo. Lazima sauti ipotee kweli. Jumamosi nitaenda kupiga kelele kwenye mpira.

Jumapili, 8 Juni
Sauti imekwisha kabisa. Nilishangilia timu zote mbili, kwa haki.
Mjomba wangu, Noko Alphonse, alinisemea, kama desturi inavyotaka. Mambo safi mpaka ilipokuja bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele. Mama Suzanne akauliza kama iko bien. Nikaonyesha koo. Akaniletea kalamu ya Biki na karatasi! Nikaandika: chumvi nyingi. Noko akachukua karatasi haraka, akasoma kwa sauti: chakula kitamu sana. Uongo mtupu! Nikamnyang'anya, nikampa Mama ajisomee.
Njiani Noko aliniuliza: “Weye, unataka kuoa bibi ao kuoa chumvi?”

Jumatano, 11 Juni
Fortunée amekuja. Anataka nirudi Jumapili, nile, niseme ni kizuri, basi. La sivyo familia itamsikiliza Elie, dereva wa lori anayemposa pia, anayesifu hata maji ya kunawa.
Nimefikiri. Mwenye njaa huona kila chakula kitamu, wala hadanganyi. Naanza kufunga kesho.

Jumapili, 15 Juni
Siku tatu kwa maji matupu. Samaki yuleyule, chumvi ileile. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo! Nilisema wazi, machozi yakinitoka. Mama Suzanne akacheka, akaniongeza kichwa cha samaki, akaniita mwanangu. Fortunée akanibana mkono.
Kisha Mama akashangaa: “Lakini miye nimepika sawa na ile siku. Leo kumebadilika nini?”
Nikamweleza.

Jumatatu, 16 Juni
Fortunée amerudisha picha zangu zote. Noko hapokei simu. Nimepitia mambo hatua kwa hatua na kosa nimeliona: siku tatu zilizidi. Kwa mchumba ajaye nitafunga mbili.