Mapigo Machache, Filimbi Moja

Jumatatu, 3 Februari 2025
Filimbi iko wazi. Bakili, kiongozi wetu wa joging, kahamia Mbagala. Miaka sita nakimbia mkiani, nyuma hata ya Mama Shukuru na goti lake bovu. Mwenye filimbi hukaa mbele, huanzisha nyimbo, magari humsubiri. Naitaka kuliko kitu chochote. Nina miaka hamsini na moja, sioni aibu.

Sharti: wagombea tupimwe mapigo ya moyo Jumapili, Mnazi Mmoja. Mwenye machache ndiye. Tuko wawili, mimi na Tarsis, jirani yangu wa duka Mtaa wa Sikukuu. Mimi nauza vitasa, yeye viatu vya shule. Stoo yake iko ghorofa ya tano, anapanda kwa miguu kutwa na hata hahemi. Simpendi.

Jumanne, 4 Februari
Nimemuuliza Winifrida, muuguzi wa klabu. Kasema moyo ni pampu: kila ukijibana unatoa damu kiasi fulani, na kiasi hicho ukizidisha kwa mapigo ya dakika moja unapata damu yote inayosukumwa. Moyo wa mtu wa mazoezi hutoa nyingi kwa pigo moja, hauna haja ya kupiga mara nyingi. Akaendelea kueleza. Mimi nilishapata changu: damu ikipungua, kazi inapungua, mapigo yanapungua. Na damu ni maji tu. Basi sinywi.

Alhamisi, 6 Februari
Siku ya pili bila maji. Mazoezi nimeacha pia, moyo usije ukazoea kuhangaika. Joto la Februari halina utu. Nakunywa kahawa tu pale kijiweni, vikombe saba, maana inakausha. Mke wangu Anifa kauliza hii ni sunna gani isiyo na futari. Nikasema ni mambo ya klabu.

Jumamosi, 8 Februari
Nimejipima. Tisini na sita. Saa ya kupimia mbovu hii, mtumba wa Mchikichini. Tarsis kanikuta nimeegemea kaunta, kaniletea maji ya chupa. Hila hiyo. Nimeshukuru, nikayamwaga nyuma ya duka.

Jumapili, 9 Februari
Tarsis, hamsini na nane. Mimi, mia na ishirini na mbili. Nikasimama kudai nipimwe upya, nikaanguka.

Nimezindukia zahanati, Upanga. Winifrida kasema damu ikipungua moyo haujai vizuri, kila pigo linatoa kidogo, kwa hiyo unapiga haraka ili kufidia, na kahawa inauchapa viboko juu yake. Nimetundikiwa dripu mbili. Tarsis, filimbi shingoni, kanishika mkono saa nzima. Nililia kidogo. Nilitamani angekuwa mtu mbaya.

Ila macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Mia na kumi. Tisini. Sabini na nne. Mapigo yanashuka yenyewe, na mimi nimelala tu. Kumbe kosa lao ni kunipima nimekaa! Nimewaandikia klabu warudie Jumapili ijayo, na safari hii waje na kitanda. Maji naacha tena kuanzia kesho. Anifa nimemwambia hata mchuzi asiniwekee.