Perege wa Barazani

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imekamilika! Tangi kuukuu la mraba, lililotupwa na kiwanda cha sharubati, limekaa barazani. Juu yake nusu ya pipa la plastiki, kokoto tele, na miche ya mchicha iliyokaribia kuchumwa. Pampu inapandisha maji yaliyochafuliwa na samaki, mboga zinakula uchafu, maji yanashuka safi. Hakuna mbolea. Hakuna kumwagilia. Hakuna jasho, ukiacha la leo.

Perege wameingia mchana, wanono kweli. Muuza samaki aliuliza kama nimelaza maji siku kadhaa ili dawa ya bomba iishe. Yalikuwa yamelala wiki nzima, kwa sababu pampu ilichelewa kufika. Nikamwambia huo ndio utaalamu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye pembe ya chumba cha kulala, taa imewashwa mchana kweupe, na hilo baraza nilimwahidi yeye tangu tuhamie hapa. Basi tumepatana. Jumapili baba yake anakuja kula. Mzee akila samaki na mboga za humu, baraza langu. Ikishindikana, baraza la cherehani. Nimekubali huku nacheka.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu kaja kuchungulia. Ni jirani wa mlango wa pili, mstaafu, anaotesha mchicha kwenye makopo ya rangi na kuusemesha kila asubuhi. Alizunguka tangi mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Akasema makopo yake hayahitaji umeme. Nikamjibu dunia inasonga mbele. Akasema ni kweli, ila isiache maji nyuma. Husuda tupu! Nikamletea kiti makusudi, aone maji yanavyoshuka. Akasinzia.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yamekatika mtaa mzima. Mimi nilitulia, tangi langu limejaa. Ikabishwa hodi. Jirani mwenye mtoto mchanga. Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za samaki, ndipo akaomba ndoo moja afulie nepi. Utamnyimaje mtu aliyewajulia hali hadi samaki wako? Nikampa. Akaenda kuwaambia wenzake.

Kufika adhuhuri kuna foleni hadi getini! Wote wana adabu. Wote wananisalimia kwa kirefu. Na kila mmoja ananiambia nimeona mbali. Kichwa kikavimba, tangi likapungua. Mke wangu alipita akaniuliza samaki wataogelea wapi. Nikamwambia najua ninachofanya.

Mwalimu alikuja wa mwisho. Mchicha wake ulikuwa umenyong'onyea kwa kiu. Nikamwonya kwamba yaliyobaki ni machafu, yananuka samaki. Akasema hayo hayo ndiyo anayoyataka. Akajaza ndoo mbili. Sijui kwa nini nilimsaidia kubeba.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Nilisahau kuzima pampu. Imefyonza hewa, ikakohoa, ikatoa moshi, kwisha habari yake. Perege wamelala ubavu kwenye tope. Nikapiga ukelele. Mke wangu akaacha gauni la mteja, akaleta beseni lake la kulowekea vitambaa, akamimina maji ya kunywa ya nyumba nzima, akawahamisha mmoja mmoja kwa mikono yake. Kisha akarudi kwenye gauni. Afadhali angenigombeza! Nilimwonea huruma. Nikajionea mimi zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Maji yamerudi! Nikajaza tangi moja kwa moja kutoka bombani. Mke wangu akauliza kama hayatakiwi kulala kwanza. Nikamwambia mgeni anakuja kesho, hatuna nafasi ya kulaza maji kama wagonjwa. Nikawarudisha perege.

Alasiri wote wanaelea, matumbo juu.

Nimekaa kwenye ngazi, machozi yananilenga. Si kwa ajili ya baraza. Nilikuwa nimeshawazoea wale samaki, walikuwa wanakuja juu wakisikia hatua zangu. Haya, na kwa ajili ya baraza pia. Mchicha nao umekauka juu ya kokoto, pampu haipo tena.

Nimekwenda sokoni. Perege hakuna hata wa dawa. Nimechukua samaki changu, wa baharini. Samaki ni samaki. Akishakaangwa nani atamtambua?

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe alikula vizuri, akafyonza mpaka miiba. Kisha akaniuliza, kwa upole sana, chumvi ya kufugia samaki wa bahari kwenye tangi nimeipata wapi. Nikajifanya nimekwamwa na mwiba. Akanigonga mgongoni.

Akahamia kwenye mchicha. Akausifu! Nikafungua mdomo nipokee sifa. Mwalimu akaniwahi. Ndiyo, Mwalimu alikuwa mezani, mke wangu alimwalika bila kunishauri! Akasema ameuchuma leo asubuhi kwenye makopo yake. Tangu aunyweshe maji ya samaki wangu umesimama wima, hajawahi kuona kitu kama hicho. Akanishukuru mbele ya wote. Akasema wazo langu lilikuwa zuri sana. Nimetukanwa mara nyingi maishani, lakini si kwa heshima namna ile.

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza.

Baada ya chakula wazee wawili wakamwaga maji, wakalitoa tangi, cherehani ikahamia barazani. Mke wangu akaketi kwenye mwanga, akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila kukunja uso. Akalaza mkono juu ya kitambaa. Kisha akaniambia asante. Nilikuwa nimenuna tangu mchana na nilitaka kuendelea, lakini nilifurahi. Nilifurahi kweli.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa la samaki. Kiumbe anayetaka maji, umeme na majirani wasio na kiu hafai kufugwa. Kosa la pili ni mahali. Barazani kila mpita njia anaona, anatia neno, anakuja na ndoo.

Uyoga hauna mambo hayo. Unataka giza, joto na unyevu, basi. Na pembe ya chumba cha kulala sasa iko wazi, toka cherehani iondoke! Mke wangu akiwa barazani anampima mteja, nimesogeza kitanda ukutani, nimepitisha magunia ya majani makavu dirishani na kuyalowesha vizuri. Yameanza kunuka kidogo, nasikia ndiyo dalili nzuri. Nitamweleza akija kulala.