Usalama Umefika Rasmi

Kwa niaba ya Mkurugenzi Mkuu, ninayo heshima ya kutangaza kwamba usalama umefika rasmi katika Shirika letu la Maji. Uliwasili Jumatatu, ukapokelewa kwa keki.

Mimi ndiye Afisa Usalama wa Madereva. Kazi yangu ni nyeti. Dereva wetu mmoja alipovunjika mguu kwenye mteremko wa sokoni, baada ya kushinda na kukesha kwenye usukani wa pikapu ya Shirika, ni mimi niliyempelekea fulana yenye maandishi "Usalama Unaanza na Wewe." Mkewe aliipokea kwa vidole viwili. Hakunishukuru, lakini mwenye uchungu husamehewa.

Pikapu ile tuliipiga rangi mpya, tukamkabidhi dereva mwingine, mwanamke tuliyemwita Mama Gia. Haikupita wiki, akaja ofisini kwangu.

"Bosi, breki hazishiki. Mpaka uzikanyage mara tatu, na hapo umwombe Mungu."

"Mama Gia, breki ni suala la vifaa. Usalama ni suala la mtazamo."

"Sasa huo mtazamo nitaukanyaga kwa mguu upi?"

Nikamwingiza kwenye semina ya mtazamo chanya. Alisinzia mwanzo mwisho, maana alikuwa ametoka safari. Katika tathmini tuliandika: mtulivu.

Ijumaa Mkurugenzi alialikwa kuhutubia mkutano wa usalama barabarani. Gari lake, ambalo hukaguliwa hata likikohoa, lilikuwa gereji. Ikabaki pikapu.

"Siendeshi," alisema Mama Gia, amekaa juu ya ndoo mlangoni pa karakana. "Mwenzangu amelala na vyuma mguuni. Na wanangu wana mama mmoja tu."

"Unajua unaongea na nani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Najua, Mzee. Ndiyo maana nakuambia usipande."

Mkurugenzi akacheka kicheko cha kiutawala, akampokonya funguo na kushika usukani mwenyewe. Nilikaa kando yake, kama itifaki inavyoelekeza.

Mteremkoni alikanyaga breki. Pikapu haikuona sababu ya kusimama. Akakanyaga tena, huku akimwita marehemu mama yake. Mimi nilidumisha mtazamo chanya kwa mayowe. Tukapita taa nyekundu, tukapita muuza viatu aliyeruka na mali yake, tukajichimbia kwenye lundo la mchanga wa mafundi ujenzi.

Hatukuumia. Tulikula mchanga tu.

Askari wa barabarani, mama mmoja mpole, akaizunguka pikapu. Akainama, akatazama chini ya gari, akaguna.

"Pole, Mzee. Dude hili ni lako, au umetumwa kazini?"

Mkurugenzi akaona mlango wa kutokea. "Nimetumwa, afande. Mimi mfanyakazi tu."

"Nilijua." Akampangusa mchanga begani. "Basi wewe sina ugomvi nawe. Ninayemtaka ni mwajiri wako. Mtu mzima anakupa gari halina breki, anakusukumia barabarani ukafe! Huyo leo analala ndani. Anaitwa nani?"

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikautazama mchanga, ambao kwa kweli ulikuwa wa daraja la juu.

"Usimwogope, Mzee," askari akambembeleza, akichomoa pingu. "Mtaje tu, tumfuate hukohuko aliko."