Nilivyowahukumu Wapiga Piano Ukweni

Leo nimeaibika ukweni. Na si kwa kula sana, maana hilo nilikuwa nimejiandaa nalo.

Iko hivi. Mchumba wangu Neema ni mtoto wa mwalimu mstaafu wa muziki. Mzee ana nyumba Mkuyuni, juu kwenye mawe, na kila Jumamosi mchana anakaa sebuleni na spika yake anasikiliza piano. Anachukua kipande kimoja cha Wazungu wa zamani, anakisikiliza kwa mpigaji huyu, halafu kwa yule, halafu kwa mwingine tena, kisha anatoa hukumu. Mgeni akiwepo, naye anaulizwa. Neema alinionya kwamba kuna kijana aliwahi kufika pale kabla yangu (sikutaka kujua zaidi), akasema zote nzuri. Hakuitwa tena.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Kirumba. Pikipiki ikipita naweza kukwambia mnyororo umelegea. Lakini piano? Basi wiki nzima nimeshinda naangalia video za watu wanaobishana kuhusu wapiga piano, kwa ukali uleule tunaobishania mpira. Nikaokota maneno mawili matatu. Moja likanikaa kichwani: mpigaji mkubwa anajulikana kwa kimya chake. Nikaliweka akiba.

Leo nikafika, shati limenyooka, shikamoo zote nimezigawa vizuri. Mama mkwe akaleta chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Mzee akaweka simu yake mezani, akaiunganisha na spika, akaniambia nitasikia watu watatu wakipiga kipande kilekile. Noti ni zilezile, alisema, anayebadilika ni mtu.

Wa kwanza akapiga. Taratibu sana. Nikasema huyu anapiga kama mtu anayemwamsha mtoto na hataki ashtuke. Mzee akageuka kunitazama. Neema akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa furaha.

Wa pili akaja mbio. Nikasema huyu ana bodaboda inamsubiri nje. Mama mkwe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mzee akakubali, akaongeza kwamba mkono wa kushoto umemeza wa kulia. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anataka kusema hivyohivyo.

Hapo nikalewa sifa. (Ndugu zangu, mkisifiwa ukweni, nyamazeni.)

Wa tatu akaanza. Nikaona huyu nimsikilize kitaalamu, nikafumba macho. Akapiga kidogo, akakatika. Akapiga tena kidogo. Akakatika moja kwa moja. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Kimya chenyewe hiki. Nikainua kidole kimoja juu, taratibu, kama watu wa kwenye video. Nikasikia jogoo wa jirani. Nikasikia injini ya mtumbwi kule ziwani. Kimya kinaendelea. Nikajiambia huyu mpigaji ana moyo wa ajabu, mwingine angeogopa. Nikatingisha kichwa. Nikahema. Nikajaribu na chozi, likakataa.

Nikasikia sauti ya mzee, ya upole kabisa: "Deo, umesikia nini?"

Nikajibu macho yamefumbwa. Nikasema huyu ndiye bora kuliko wote. Wale wawili wamepiga noti, huyu amepiga moyo. Nikasema kile kimya cha katikati kimenipeleka mahali ambapo sijawahi kufika. (Kweli nilikuwa sijafika. Nilikuwa njiani.) Nikamalizia kwamba kusimamisha muziki kwa muda mrefu namna ile kunahitaji ukomavu wa miaka.

Nikafumbua macho. Neema ameficha uso kwa mto wa kochi, mabega yanatetemeka. Mama mkwe amegeukia ukutani na chupa ya chai mkononi. Mzee amepandisha miwani kwenye paji la uso, ameishika simu karibu na pua.

"Bando limekata, mwanangu," akasema. "Hapa nahangaika kujiunga."

Ningenyamaza hapo, ningepona. Lakini nikajitetea kwamba nilikuwa naongelea pale kabla bando halijakata. Mzee akafikiri kidogo, akaniambia kwamba kabla ya hapo mtu wa watu alikuwa amepiga mstari mmoja na nusu.

Mama mkwe akatoka nje. Tulimsikia anacheka huko uani, peke yake, na kuku wakikimbia.

Nikatafuta pa kuangalia. Mzee, ambaye naye alikuwa ameanza kucheka, akaacha, akafuta macho, akaniuliza tena: nikiacha maneno ya kukopa, nimempenda nani? Sikuwa na cha kupoteza. Nikamwambia wa kwanza. Nikamweleza kwamba mama yangu alikuwa akituamsha alfajiri namna ile, anatugusa bega kwanza, jina baadaye, na nilipomsikia yule mpigaji nilikumbuka bega langu.

Mzee akaweka simu mezani.

"Hapo ndipo umesikiliza," akasema. "Jumamosi ijayo njoo."

Neema akatoa uso kwenye mto. Nikafurahi, nikala matobolwa yote yaliyobaki.

Sasa shida. Kabla sijafika kwenye geti, mama mkwe alikuwa ameshawapigia ndugu simu, na shangazi yake Neema wa Ukerewe, ambaye hatujawahi kuonana, ametuma ujumbe kumsalimia Mzee Kimya. Ukoo mzima umelipokea jina hilo. Nawaombeni, mkija dukani kununua vipuri, jina langu ni Deo.