Rangi Yetu Isiitwe Bordeaux

Montcelin, Bourgogne
Jumanne, wiki ya harusi

Mheshimiwa Meya,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutuongoza watu wa Montcelin, ambao nakiri si wepesi wa kuongozwa. Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Anselme Perrachon, mkulima wa mizabibu na baba wa Solène, utakayemfungisha ndoa Jumamosi hii ofisini kwako. Naomba usimfungishe mpaka malalamiko yangu yatakaposhughulikiwa. Nayo ni haya.

1. Kadi ya mwaliko. Binti yangu anaolewa na Bastien Lacaze, kijana wa Bordeaux. Hilo nililimeza. Nilikohoa kidogo, lakini nililimeza. Kadi zilipotoka kwa mchapaji, nikakuta chini kabisa pameandikwa: wanaume wavae koti la rangi ya bordeaux. Nikamwita Solène jikoni.

"Ni rangi tu, baba," akasema.

"Rangi gani?"

"Ile nyekundu iliyokoza, damu ya mzee. Ufaransa nzima inaiita bordeaux."

Nikamwambia mzee mwenye damu hiyo ni mimi, na mimi ni wa Bourgogne. Alicheka mpaka akakaa chini. Mheshimiwa, sikuwa nafanya mzaha.

2. Dhuluma yenyewe. Bourgogne ni jina la mkoa. Ni jina la divai pia. Jina likishatoka kwenye ardhi likaingia kwenye chupa, haki yake ni kuendelea mpaka kwenye kitambaa. Sisi tumezuiwa mlangoni. Wenzetu wa Bordeaux wana mji, wana divai, wana bandari, na bado wakabeba na rangi. Waingereza, watu wanaochemsha nyama mpaka inakata tamaa, rangi hiyohiyo wanaiita burgundy, yaani jina letu kwa kinywa chao. Sikuamini mpaka mtalii mmoja aliyekuja kuonja divai aliponionyesha mkoba wake na kulitamka, vibaya lakini kwa nia njema. Yaani mtu wa Bourgogne asipate haki yake mpaka avuke maji?

3. Dukani. Nilikwenda mjini Mâcon kutafuta koti, nikaomba la rangi ya Bourgogne. Muuzaji, dada mmoja mwenye miwani, akaniletea la manjano iliyochafuka. Nikamuuliza hii ni nini.

"Si umesema Bourgogne, mzee? Nikajua unataka rangi ya haradali yetu ya hapa."

Hapo ndipo tulipofika. Watoto wetu wenyewe wakisikia jina la nyumbani wanawaza kitu cha kupaka kwenye soseji. Hatimaye nilinunua lile jekundu, kwa sababu hakukuwa na jingine la saizi yangu, ila nilimwambia aking'oe mbele yangu kikaratasi chenye jina la rangi. Alikingoa. Aliniuliza pia kama najisikia vizuri.

4. Baa. Jioni hiyo niliwaeleza wenzangu jambo hili, nikitegemea watainuka. Aliyeinuka ni Marius wa buchani, akaja kunishika bega.

"Tulia, Anselme. Konokono tunaowala tayari wanaitwa wa Bourgogne. Tosheka na hao."

Walicheka wote, na mmoja wao ni diwani wako. Sitamtaja, lakini ana upara na anakaa mkono wako wa kulia.

5. Mke wangu. Huguette ameshona gauni lake la rangi hiyohiyo na ananiita mtu mzima hovyo. Juzi alikuwa anapiga pasi, akasema bila hata kunitazama: "Wewe hugombani na rangi. Unagombana na treni itakayomchukua mtoto." Nadhani ni uchovu wa maandalizi. Ni kweli kwamba Solène anahamia huko. Chumba chake kimejaa maboksi, na asubuhi nikipita mlangoni napita haraka. Wajukuu wangu watazaliwa Bordeaux, wataiita rangi hiyo kwa jina hilo, wala hawatajua kwamba wanamtukana babu yao. Lakini hayo ni mengine. Mimi nazungumzia rangi.

Kwa hiyo naomba utoe amri kwamba ndani ya mipaka ya Montcelin rangi hiyo iitwe bourgogne, na watoto wa shule waikariri kabla ya hesabu. Kila gari linalotoka Bordeaux lisimamishwe darajani, dereva aonyeshwe kitambaa na aulizwe. Akikosea, ageuze. Bwana harusi aulizwe wa kwanza, ili iwe mfano. Na ndoa isubiri mpaka mkoa wao utuombe radhi kwa maandishi, hata ikichukua miaka. Solène bado kijana, na chumba chake anacho. Ukikataa, nitalala kwenye ngazi za ofisi yako, na itabidi unikanyage ili umfikie bibi harusi.

Nisalimie mkeo, makarani wote, na mama mkwe wako, ambaye nasikia goti limepata nafuu. Diwani msalimie nusu.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Anselme Perrachon

N.B. Solène ameniletea kahawa na ameisoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu. Ameuliza swali moja tu: "Baba, hapa Montcelin ni nani anayelima zabibu nyekundu?" Mheshimiwa, unajua jibu. Hakuna. Toka enzi za babu zetu tunatengeneza divai nyeupe tupu. Nyekundu ninayokunywa Jumapili huletwa na Bastien kutoka kwao, na sikumbuki kuwahi kuibakiza. Nimemjibu kwamba hili ni suala la msimamo. Akasema sawa, akalichukua lile koti mlangoni akanivika, akanifunga vifungo kimoja kimoja kama mimi ndiye mtoto, akauliza kama nitamshika mkono kumwingiza ofisini kwako au amwombe Marius. Marius hana mwendo wa kumwingiza mtu popote. Basi tuonane Jumamosi saa tisa alasiri, usichelewe. Na daraja liache wazi, maana Bastien anakuja na makreti ya divai.