Chupa Thelathini na Moja Chini ya Bahari

Habari iliyovuruga chai ya asubuhi pale kibandani kwa Akidor, mtaa wa Kanamkemer mjini Lodwar, haikuwa ya siasa wala ya bei ya mbuzi. Ilikuwa ya kifo. Aliileta Ewoi, mwendesha bodaboda anayeitwa Tani Mbili kwa mizigo anayobeba. Alisimamisha pikipiki chini ya mti wa mathenge, akatoa simu, akakohoa kama mtangazaji wa redio.

"Tulieni! Nimetumiwa kutoka Kakuma. Matokeo ya jaribio, ukumbi wa michezo ya kompyuta wa Magloire. Mchezo: kuishi chini ya bahari. Ebenyo wa Lodwar, amekufa mara sita ndani ya saa moja. Sababu ya kifo: kukosa hewa. Vitu vilivyopatikana mfukoni mwa marehemu..." Akanyamaza ili utamu uingie. "Chupa thelathini na moja za maji ya kunywa!"

Benchi zima likaangua kicheko. Marehemu mwenyewe alikuwa ameketi mwisho wa benchi hilo hilo, mandazi mdomoni, akitamani ardhi ipasuke aingie na mandazi yake. Alikuwa amerudi kutoka Kakuma jana, akaamua kutomwambia mtu. Siri Kanamkemer haimalizi siku mbili.

"Ejok, marehemu!" Ewoi alimsalimu kwa Kiturkana, akampa mkono.

"Ejok-nooi," Ebenyo alijibu kwa unyonge. "Toka hapa."

"Hebu ngoja," alisema Wandera. Huyu ni karani wa stoo katika ofisi moja tusiyoitaja, miaka kumi na tano tangu aje kutoka Busia, na jina lake la benchi ni Fomu. "Bahari gani hiyo iliyofika Kakuma bila mimi kupata barua?"

"Ni ya kompyuta, mzee," Ebenyo alieleza. "Unaanza ukiwa kwa kiboti kidogo katikati ya bahari, huna kitu. Unapiga mbizi, unaokota chuma, mawe, samaki. Halafu unajenga nyumba huko chini. Ukiishiwa na hewa, umekufa, na vyote ulivyookota vinapotea."

"Na mfuko wako unashika kiasi gani?"

"Iko na vyumba arobaini na nane. Kitu ndogo inakula chumba moja. Mtungi ya hewa inakula nne."

"Tufanye hesabu ya maiti," alisema Wandera, akatoa kalamu. Hana siku anayokosa kalamu. "Chupa thelathini na moja. Kingine?"

"Mawe kumi na mbili."

"Ya nini?"

"Yalikuwa mazuri."

"Endelea."

"Samaki watano."

"Arobaini na nane kamili! Na mtungi wa hewa?"

"Ilikosa mahali," Ebenyo alisema, akiangalia chini.

Kicheko kilirudi upya. Ewoi alilazimika kushikilia pikipiki. Lakini Akidor hakucheka. Mama huyo ndiye mwenye jiko, chai na benchi, na ndiye pekee asiye na jina la utani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Aliweka birika chini.

"Wewe, Ebenyo. Uko ndani ya maji, na unabeba maji?"

"Ile ya bahari iko na chumvi, mama. Hainyweki. Kuna samaki moja unakamua, inatoa maji tamu. Nikaona nikamue mapema."

"Ulikunywa ngapi hiyo saa moja?"

"Mbili."

"Na hizo ingine?"

"Za njia."

Hapo kicheko kilikatika. Benchi lote lilikuwa la watu waliolelewa kuulizwa swali moja mlangoni kabla ya kwenda popote: maji umebeba? Hata Wandera, mtu wa mvua za magharibi, ana galoni tatu za maji chini ya kitanda na hajawahi kuona haja ya kujitetea.

"Hapo kwa maji simlaumu," Ewoi alikiri. "Mimi pia ningekufa hivyo hivyo."

"Mnacheka, na mimi naumia," Ebenyo alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Magloire anafungua ukumbi mwingine hapa Kanamkemer. Kompyuta nne na sola. Anatafuta mtu wa kushika ufunguo. Amesema mtu asiyejua kupanga mfuko wake hatampangia waya na chaja zake. Leo saa sita anapita hapa na kompyuta yake, nijaribu tena. Mara ya mwisho. Nikifa leo, kazi inaenda kwa mtu mwingine."

Kila mtu alijua kwamba Ebenyo amemaliza chuo cha ufundi miaka miwili iliyopita, na kwamba mama yake kule Katilu siku hizi akipiga simu haulizi tena habari ya kazi. Anauliza habari ya joto. Ebenyo alikuwa ameanza kuliogopa swali hilo la joto kuliko lile la kazi.

"Basi umeponea," alisema Ewoi, akivuta kiti. "Mwalimu ni mimi. Msee, shida yako ni woga. Mfuko ukijaa, si unaongeza kamba? Juzi nimetoka soko na godoro, mbuzi watatu, mlango wa chuma na bibi arusi. Hakuna mtu ameshuka!"

"Mlango ulianguka," Akidor alimkumbusha.

"Mlango si mtu, mama."

"Mchezo hauna kamba," alisema Ebenyo.

"Hauna kamba? Huo mchezo ulitengenezwa na watu hawajawahi kuhama."

Wandera aliinua kalamu. "Dawa ni utaratibu. Kila kitu kinachoingia, fomu. Kinachotoka, fomu, na sahihi mbili. Kwetu stoo hakijawahi kupotea kitu."

"Na hakijawahi kutoka," alisema Ewoi.

"Kinatoka kikiombwa vizuri. Tuna mataili mia mbili, mapya, yamepangwa kwa ukubwa."

"Ya gari gani?"

"Gari liliuzwa. Lakini mataili yapo!"

"Tupeleke tukaone."

"Haiwezekani kwa sasa," Wandera alisema, akinywa chai taratibu. "Ufunguo uko ndani ya stoo."

"Nani aliufungia ndani?"

"Swali hilo lina fomu yake."

Akidor alipiga sinia kwa mwiko. Alichukua vikombe vinne vitupu, akavipanga mezani mbele ya Ebenyo.

"Hawa ni punda," alisema. "Nilipokuwa msichana tulikuwa tunahama na punda wanne. Huyu wa ngozi na vitu ya kulala. Huyu wa chakula. Huyu wa vyombo. Huyu wa watoto na kondoo wachanga. Hakuna mtu aliuliza sufuria iko wapi. Ukitaka sufuria unaenda kwa punda ya sufuria, hata kama ni giza. Na kitu utatumia kwanza ukifika, unafunga mwisho, juu kabisa. Vitu ya msimu ingine hatubebi. Tunaacha juu ya mti, tukirudi tunakuta."

"Na wezi?" aliuliza Wandera.

"Wezi walikuwa wanaogopa mama yangu. Ebenyo, hiyo bahari yako iko na mti?"

"Hakuna mti, mama. Lakini kuna sanduku. Unatengeneza na chuma kidogo tu, unaliachilia, linaelea. Hata unaweza kuliandika jina."

"Ulitengeneza mangapi?"

Ebenyo alikuna kichwa. "Hakuna. Chuma nilikuwa nawekea mambo ya maana."

"Mambo gani?"

"Kisu."

"Umchinje nani huko?"

Ewoi aliruka kutoka kitini, akazunguka mathenge mara moja, akarudi kuketi. Ebenyo mwenyewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu Kakuma.

Akidor hakumwachia. "Sikiza. Ulibeba vyote wewe mwenyewe, ukaenda navyo, ukarudi navyo, ukafa navyo. Nani alikwambia wewe ni punda? Tafuta punda kwanza. Weka kitu yako kwa punda. Wewe uende mikono mitupu, ndio upate pa kuwekea."

"Na maji?"

"Moja."

"Moja, mama?"

"Kiboti iko hapo karibu. Unaenda, unarudi. Moja."

Ilimwingia Ebenyo kama sindano ya hospitali. Alivitazama vile vikombe vinne mpaka chai yake ikapoa.

Saa sita Magloire akafika, jasho shingoni na kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Ni mtu wa Bukavu aliyekaa Kakuma miaka kumi na miwili, na ana huruma nyingi asizopenda zionekane.

"Jambo bote," alisema. "Ebenyo, mi sina saa mingi. Dakika makumi ine. Ujenge nyumba moya chini ya mayi, usikufe. Ukikufa, tunaachana bila makelele. Ni vile?"

"Ni vile."

Kompyuta ikawekwa mezani, benchi likahamia nyuma ya Ebenyo. Bahari ya buluu ikafunguka pale Kanamkemer, na Wandera, bila kujijua, akavuta pumzi akaibana.

Ebenyo alipiga mbizi, akaokota chuma cha masanduku, akarudi. Akatengeneza la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Yakaelea karibu na kiboti. Dakika kumi na moja zilikuwa zimekwisha, na hakuwa na kitu kingine chochote.

"Dakika kumi na moja, una masanduku matupu!" Ewoi alilia. "Beba kitu, bana!"

"Nyamaza," alisema Akidor.

Ebenyo alianza kuandika majina. Magloire akainama, akasoma kwa sauti: "Punda ya Chakula. Punda ya Chuma. Punda ya Vioo. Punda ya Msimu Ingine." Akanyanyuka. "Hii ni nini? Kwa bahari munafuga punda?"

"Ni mambo ya nyumbani," Akidor alimjibu. "Subiri."

Kisha kijana akaanza kazi. Anashuka mfuko mtupu, anapanda umejaa, anagawia punda, anashuka mtupu tena. Mtungi wa hewa aliuvaa kabla ya kitu chochote. Samaki alimkausha kwa chumvi kama wanavyofanya wavuvi wa Kalokol kule ziwani, ili asioze. Alipoona mawe mazuri, mkono ulisita.

"Ebenyo," alisema Akidor.

Akayaacha. Ewoi aliguna kwa uchungu kana kwamba yalikuwa yake.

Kwenye chupa ndipo kila mtu alipobana pumzi. Alikuwa amekamua sita. Tano akazitia ndani ya Punda ya Chakula, moja moja, polepole, kama mtu anayeacha watoto kwa jirani. Ya tano aliitoa tena, akaishika.

"Rudisha," alisema Akidor.

"Mama, nikichelewa huko chini?"

"Rudisha."

Akairudisha. Kweli aliogopa, ingawa bahari yote ile ilikuwa haizidi upana wa sinia.

Dakika thelathini na sita, nyumba ilikuwa imesimama kule chini, bado dirisha. "Bila kioo ile nyumba inaingia mayi," alisema Magloire. "Uko na kioo?"

"Iko."

"Wapi?"

Hakutafuta. Alipanda moja kwa moja hadi Punda ya Vioo, akakichukua, akageuka.

"Kwetu," Wandera alinong'ona, "hapo ungekuwa bado unaandika barua."

Akashuka. Hewa sekunde hamsini. Arobaini. Ewoi alikuwa amefumba macho na kumshika Wandera mkono, jambo ambalo wote wawili walilikana baadaye. Kioo kikaingia mahali pake. Maji yakatoka nyumbani, taa ikawaka, na yule mtu mdogo wa kwenye kompyuta akasimama sebuleni akipumua bure.

Benchi lilipiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakakimbia. Magloire aliangalia saa yake, kisha masanduku yanayoelea, kisha Akidor.

"Dakika makumi tatu na munane," alisema. "Mi nimeona batu mingi kwa ule muchezo. Sijaona punda." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu. "Kesho ukuje Kakuma, tupakie kompyuta. Ufunguo usiuache ndani ya nyumba."

"Hiyo ni ya kwetu stoo," alisema Wandera kwa heshima.

Ebenyo alipokea ufunguo kwa mikono miwili. Akatoa simu akampigia mama yake Katilu, na alipoulizwa habari ya joto, akamwambia joto ni kali, mama, na nimepata kazi. Kisha akasogea nyuma ya mathenge ili wasimwone akilia. Walimwona.

Asubuhi iliyofuata alipita kuaga kabla ya gari la Kakuma kuondoka. Shati safi, begi dogo mgongoni, ufunguo shingoni na chupa moja ya maji mkononi. Moja tu, ya nusu lita. Alisimama mbele ya jiko akiwa amenyooka, akingoja kusifiwa.

Akidor aliitazama ile chupa. "Hiyo ndio maji ya safari?"

"Si ulisema moja, mama?"

"Nilisema baharini!" Mwiko ulipaa hewani. "Hii ni Turkana! Gari ikikufa huko njiani saa nane ya jua, utakunywa nini? Ufunguo?"

Akaingia kibandani, akatoka akivuta mtungi wa lita ishirini, umejaa hadi kifuniko, akautua miguuni pake. Ewoi na Wandera waliinamia vikombe vyao wasionekane nyuso. Ebenyo alijaribu kuuinua kwa mkono mmoja, ukakataa.

"Mama," alisema, "huu si utakula mfuko mzima?"

"Unakula punda mmoja," alisema Akidor, akimtwisha begani. "Na leo punda ni wewe."